Kitabu Kilichoishia kwa Malaki

Kti.

Kimya.

Kti. Kti.

Sindano alifumbua macho gizani. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana jioni na alfajiri ilikuwa bado inajivutavuta. Mkono wake ulifika chini ya mto kabla akili yake haijafika popote. Glock ilikuwa baridi. Aliishika, akashusha miguu sakafuni, akanyata hadi mlango wa sebule.

Kti.

Mbao kwa mbao.

Alishusha pumzi. Akaificha bastola mgongoni, ndani ya mkanda wa khanga.

"Chiriku! Unafanya nini gizani?"

"Napanga."

"Si ungelala, mama?"

"Nimeota vimepotea. Nikaja kuangalia kama vipo."

Mtoto alikuwa amekaa mkekani, magoti yamekunjwa, anapapasa. Alipewa jina la Chiriku kwa sababu tangu aanze kusema hakuwahi kufunga mdomo. Mbele yake kulikuwa na msururu wa vibao vya mbao, kila kimoja ukubwa wa kiberiti. Baba yake alivichonga mwenyewe na kuviunguza kwa waya wa moto, jina la kitabu kimoja cha Biblia ya Kiyahudi kwa kila kibao, kwa herufi za Kiebrania, zile zinazosomwa kutoka kulia kwenda kushoto.

Sindano alichuchumaa. Akapapasa naye. Vidole vyake vikakutana na kibao kimoja kilichochakaa pembe, laini kama sabuni iliyokwisha nusu. Akakichukua bila kufikiri, akakipeleka mwisho wa msururu.

"We mama vipi?" Chiriku alikirudisha hapo hapo. "Hicho ni Malaki. Malaki anakaa na manabii wenzake. Halafu zinakuja Zaburi, halafu wengine woote, halafu ndiyo mwisho. Mwisho ni Nyakati."

"Nimesahau."

"Baba akirudi nitamwambia umesahau."

Sindano alitazama pembeni, ingawa gizani hapakuwa na cha kutazama.

Pembe ile ilichakaa kwa ubishi wa nyumba hii. Mume wake alikuwa mkarabati wa vitabu vya kale, Myahudi, mwana wa Myahudi. Yeye Sindano alilelewa kanisani, binti wa kwaya. Walipooana watu walisema hawatafika popote. Walifika, tena kwa vicheko. Kila jioni yeye alikuwa akipita anakisogeza Malaki mwisho, kama kilivyo katika Agano la Kale la kanisani kwao. Mume akipita, anakirudisha kati. Vitabu ni vilevile, maneno ni yaleyale, ila kila nyumba imevipanga kivyake.

"Kwenu," mume alizoea kumtania, "kitabu kinaisha mtu amesimama mlangoni anangoja mgeni. Kwetu kinaisha mfalme anawaambia mateka wafunge mizigo waende kwao. Sasa mke wangu, wewe kwa moyo wako, kipi bora? Kungoja au kurudi nyumbani?"

"Kungoja, maana mgeni wetu alifika," alikuwa akimjibu, naye anacheka hadi miwani inamdondoka.

Tangu alipotoka kwenda kununua gundi na asirudi, mvua za misimu minne zilishanyesha na kukoma. Hakuna tena aliyekisogeza Malaki.

Kopo la mchele likatetemeka jikoni.

Sindano alilifungua, akachimbua Nokia ndogo isiyo na jina la mtu hata mmoja ndani yake.

"Fundi saa amemaliza," sauti ilisema.

"Mwambie nakuja na mkanda wangu."

Simu ikakatika. Kutoka chumbani, Bibi, mama mkwe wake, akakohoa kikohozi cha mtu aliyekuwa macho muda mrefu.

"Nani anapiga simu saa hizi za wachawi?"

"Kazini, mama. Nyumba ya mteja imeungua."

"Na wewe ni bima au zimamoto?"

"Leo ni vyote viwili."

"Haya. Kaendeshe taratibu. Niliyebakiwa naye ni wewe."

Chiriku alimfuata hadi mlangoni. Akamwekea kitu kiganjani na kumfunga vidole kimoja kimoja.

"Ni Nyakati. Kile cha kurudi nyumbani. Ukikutana na Baba mpe, atajua."

*

Land Cruiser ilikuwa nyuma ya kiwanda cha mikate, taa zimezimwa. Mkuu wa Idara ya ujasusi, bosi wake wa kweli, alikuwa ndani, koti limemkaa kama la kuazima. Hakumsalimu. Alimsogezea mfuko wa plastiki juu ya kiti.

"Tumempata," alisema.

"Wapi?"

"Kisima cha kiwanda cha ngozi. Kile kiwanda ni cha Mfadhili."

"Yuko hai?"

Mkuu alitazama usukani.

Sindano aliufungua mfuko. Ndani kulikuwa na miwani. Bawaba ya kushoto ilifungwa kwa uzi wa bluu. Uzi ule aliufunga yeye, siku ambayo mume alikalia miwani yake mwenyewe halafu akamtuhumu paka, na paka hawakuwa naye.

Hakulia. Kuna machozi ambayo ukiyafungulia mlango mara moja hupati tena siku ya kuufunga.

"Malizia," alisema.

"Pole, dada. Ila lazima nikwambie na la pili. Yeye ndiye aliyekiandika."

Sindano hakuuliza nini. Mji mzima ulijua. Mfadhili alikuwa tajiri wa nje aliyejenga zahanati mbili, kisha akaanza kuutaka mtaa ule ambao kanisa na sinagogi vimepeana migongo kwenye ukuta mmoja. Watu wa mtaa walikataa kuuza. Ndipo akatangaza amepata Biblia ya Wayahudi ya miaka elfu moja, imeandikwa kwa mkono juu ya ngozi, na kwamba ndani yake kuna ukurasa unaowaamuru Wayahudi wawaangamize majirani zao Wakristo. Uongo mtupu. Lakini uongo uliovaa ngozi kuukuu huheshimiwa kuliko ukweli uliovaa kandambili.

"Saa nne anakifunua kwenye ukumbi wa maktaba," Mkuu alisema. "Kamera zote zitakuwepo. Vijana wamelipwa kusubiri nje na mawe. Hiyo ngozi ni ya kale kweli, maabara imethibitisha. Wino nao umekorogwa na mtu anayeijua kazi. Mumeo. Na hatukukuta pingu kwenye karakana ya kiwanda alimokuwa akiandikia. Tulikuta godoro, birika la chai, hata feni." Akaishusha sauti. "Alikuwa mtu wao, Sindano."

"Rudia."

"Nasema tu kilichoandikwa kwenye ripoti."

Chini ya miwani kulikuwa na picha, imejikunja kwa maji. Chiriku, na begi lake la shule, anacheka na mtu asiyeonekana.

"Ilikuwa mfukoni mwa shati lake," Mkuu alisema kwa upole. "Mzazi ni mzazi."

Sindano aliiinua kwenye mwanga wa dashibodi. Akaitazama muda mrefu.

"Hii hakuipiga mtu wa nyumbani. Unaona hivi vivuli vya mraba mbele? Ni waya wa uzio wa shule. Kuna mtu alisimama ng'ambo ya barabara na lenzi ndefu." Sauti yake haikupanda. "Hawakuhitaji pingu, Mkuu. Walimwonyesha mtoto."

Mkuu aliinama akavitazama vivuli vile.

"Agizo langu?" Sindano aliuliza.

"Kichome. Kabla ya saa nne."

"Kikiungua, atalaumiwa nani?"

"Hilo tutaliona baadaye."

"Picha za ule ukurasa ziko kwa wachapaji tayari. Kikiungua watasema Wayahudi wamechoma ushahidi. Mtaa utawaka, na mama mkwe wangu yumo ndani ya mtaa huo. Mwanangu yumo."

"Una lipi bora?"

"Namjua mwanamume niliyelala naye kitanda kimoja. Hata kitabu cha mtu anayemchukia atakishona vizuri, lakini lazima mahali fulani atie uzi wake mwenyewe. Nipe hadi mwisho wa hotuba."

"Na ukishindwa?"

"Utakichoma mwenyewe. Kiberiti unacho."

Alishuka. Miwani aliitia mfuko wa kushoto, kibao mfuko wa kulia.

*

Ukumbi wa maktaba ulinuka nta ya sakafu na maua ya kukodi. Mafundi wa sauti walivaa ovaroli za kijivu. Mmoja wao alikuwa na kamera kwenye kifungo cha kola na kidude sikioni kisichozidi punje ya harage.

"Jicho, unanipata?"

"Nakupata mpaka harufu," Jicho alijibu kutoka kwenye gari la matangazo nje. "Ovaroli imekukaa vibaya."

"Nyamaza, angalia kisanduku."

Kisanduku cha kioo kilikuwa jukwaani, bawaba nne, mihuri ya nta kwenye kufuli. Ndani, kitabu kilikuwa wazi kwenye ule ukurasa mmoja, majani yamefungwa kwa utepe mwekundu pande zote mbili ili asitokee mtu akatamani kufunua jingine. Sindano alipitisha waya wa maikrofoni chini ya meza. Akapiga goti.

Chini ya meza kulikuwa na chupa tatu za petroli, zimefungwa kwenye simu ya mkononi.

"Mama yangu," Jicho alinong'ona. "Anataka kukichoma mwenyewe!"

"Akishawasomea, kikawaka, nani tena atakikagua? Kata mtandao."

"Ukumbi mzima?"

"Ukumbi mzima."

"Watu watashindwa kurusha picha mtandaoni. Watanilaani vizazi vinne."

"Kata."

Buti jeusi likasimama kando ya mkono wake.

"We fundi. Unatafuta nini huko chini?"

Mlinzi mkubwa wa Mfadhili. Wenzake walimwita Shingo, kwa kuwa hakuwa nayo.

"Natafuta chanzo cha mlio, kaka. Husikii? Sikia hapa."

Shingo aliinama asikie. Sindano alimpitishia waya wa maikrofoni kooni, akampiga kiwiko nyuma ya sikio, akamlaza chini ya meza taratibu kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Akamfunika kwa kitambaa cha meza.

"Usiku mwema," Jicho alisema.

Sindano alizikata nyaya za simu na kuiweka kando. Kisha, kwa bisibisi fupi, akaanza kulegeza bawaba za kisanduku. Moja. Mbili. Alikuwa amekaribia kitabu kiasi cha kukipulizia pumzi.

Na ndipo alipoona mkono wa mume wake.

Herufi zilikuwa zake. Zilisimama wima, safi, na kila mstari ulipumzika mwishoni kama mtu aliyeegemea mlango. Mwandiko ule aliuona kwenye vibao, kwenye barua za uchumba, kwenye karatasi ya manunuzi iliyobaki hadi leo ukutani jikoni. Alikaza jicho kwenye bawaba ya tatu.

Kadi ya maelezo ilisema ukurasa huu ulitoka ndani ya nabii Zekaria.

Mkono ukasimama.

Zekaria. Baada ya Zekaria, kwenye mkeka wa sebuleni, kulikuwa na Malaki mwenye pembe iliyochakaa. Na baada ya Malaki kulikuwa na vibao vingi. Zaburi. Mithali. Ayubu. Ruthu. Msururu mrefu hadi kwenye kibao kilichokuwa mfukoni mwake sasa hivi.

Alitazama upande wa kushoto wa kitabu, kule ambako msomaji wa Kiebrania bado hajafika.

Palikuwa pembamba. Majani machache tu, unene wa kitambaa cha sahani, kisha jalada.

"Sindano?" Jicho aliita. "Mbona umeganda?"

"Zaburi ziko wapi?" alisema, si kwa Jicho. "Umeziweka wapi, Baba Chiriku?"

*

Wageni wa mstari wa mbele walikuwa wawili. Mwalimu wa sinagogi alikuwa mama wa makamo mwenye mafua yasiyoisha na leso isiyotosha. Mchungaji wa kanisa la ukuta wa pili alikuwa mwembamba, viatu vimeng'aa kupita umri wake. Waliitwa ili dunia iwaone wakifedheheka. Walikuwa wameketi pamoja, wanabishana.

"Pole na mafua, Mwalimu."

"Ni mafua yako haya. Uliniambukiza Alhamisi ukinipigia kelele juu ya Isaya."

"Nilikuwa nafafanua!"

"Ulikuwa unatema mate."

Sindano alipiga goti mbele yao na maikrofoni mbili ndogo. Alipokuwa akimbandika Mwalimu ukosini, alinong'ona:

"Mwalimu, mimi ni mke wa Mkarabati."

Leso ilisimama njiani.

"Mwanafunzi wangu? Yuko wapi?"

Sindano alitikisa kichwa mara moja. Mwalimu alifumba macho. Mchungaji, aliyeona bila kuambiwa, aliweka kiganja chake juu ya mkono wa mwenzake.

"Kile kitabu pale," Sindano alisema. "Baada ya Zekaria kimebakiza majani kama ya daftari la mtoto. Vyenu hubakiza nini?"

Mwalimu alifumbua macho. Yalikuwa mekundu, lakini ndani yake kulikuwa kumewashwa taa.

"Theluthi nzima," alisema.

*

Mfadhili alikuwa na sauti ya asali na suti ya rangi ya majivu. Alisoma tafsiri ya ukurasa wake taratibu, akitua penye maumivu. Ukumbi ulinguruma. Nje, vijana wa kulipwa walianza kugonga mageti.

"Sikufurahia kukipata," alisema, mkono kifuani. "Lakini ukweli ni ukweli."

"Naomba kufunua kurasa mbili tu mbele," sauti yenye mafua ilisikika kwenye spika zote.

Mfadhili alitabasamu. "Mama yangu, kisanduku hakifunguliwi. Hewa itakiharibu."

"Kimekaa miaka elfu," Mchungaji alisema kwenye maikrofoni yake, "leo ndiyo kinaogopa upepo?"

Mtu mmoja alicheka nyuma. Halafu watu ishirini.

Tabasamu la Mfadhili lilibaki midomoni, ila machoni lilishaondoka. Akaingiza mkono mfukoni.

"Amebonyeza," Jicho aliripoti. "Amebonyeza tena. Anaitikisa simu. Maskini, mtandao wa siku hizi!"

Fundi wa sauti mwenye ovaroli mbaya alipanda jukwaani, akakishika kifuniko cha kioo kwa mikono miwili, akakinyanyua kama cha sufuria ya chai. Bawaba zote nne, alizokwisha kuzilegeza, hazikuwa na neno la kusema. Akaukata utepe mwekundu.

Mwalimu alikuwa ameshafika. Alifuta vidole kwenye gauni, akafunua. Zekaria kikaisha. Akafunua. Malaki, kifupi, kikaisha. Akafunua.

Ubao mtupu wa jalada.

"Nimegonga ukuta," Mwalimu alisema. "Zaburi ziko wapi? Ayubu? Ruthu? Danieli?"

Mchungaji, aliyesoma Kiebrania chuoni na kujutia kila siku yake, alirudi kwenye kurasa za mwanzo za kitabu, anafunua haraka. Akasimama. Akafunua tena.

"Zaburi ziko huku, kabla ya Isaya. Ruthu yuko baada ya Waamuzi. Danieli yuko katikati ya manabii." Aliinua kichwa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuta viatu vyake mwenyewe miguuni mwa mwizi. "Ndugu zangu, huu ndio mpangilio wa Biblia yangu mimi. Ile ninayoisoma Jumapili."

Kamera za mbele zilisogea karibu na kitabu.

"Kwetu ni Torati, kisha Manabii, kisha Maandiko," Mwalimu alisema. "Ndani ya Maandiko waandishi wa kale walitofautiana. Huyu ameweka Nyakati mwanzo, yule mwisho. Lakini kumaliza kwa Malaki? Hakuna mwandishi wa Kiyahudi aliyefanya hivyo miaka elfu iliyopita. Hata leo hayupo."

"Tuliofanya hivyo ni sisi," Mchungaji alisema. "Sisi tulipokea vitabu kwa Wayahudi, tukawasogeza manabii mwishoni, ili ukifunua ukurasa umkute yule waliyesema anakuja. Ndiyo imani yetu na siioni aibu. Lakini aliyeagiza kitabu hiki alijifunza dini kwenye benchi kama langu, akadhani dunia nzima imeketi hapo." Akamgeukia Mfadhili. "Laana hii haikutoka kwao. Imetoka kwako."

Mwalimu hakuwa akisikiliza tena. Alikuwa ameinama juu ya herufi, leso mdomoni.

"Mkono huu niliufundisha mimi," alisema polepole, na spika zikaubeba ule mnong'ono hadi barabarani. "Alilijua kosa hili kabla hajachovya kalamu. Angesema neno moja lingesahihishwa. Hakusema. Kijana wangu hakusema!"

Nje, mageti yalinyamaza. Kijana mmoja aliangusha jiwe lake chini, akalitazama kana kwamba si yeye aliyelileta.

Nafasi ya Mfadhili jukwaani ilikuwa tupu.

"Ngazi za nyuma!" Jicho alipiga kelele. "Ana bastola!"

Sindano alikuwa ameshaondoka.

Ngazi zilikuwa za saruji, nyembamba. Risasi ya kwanza ilichimba ukuta. Ya pili ilipotelea hewani. Alirukia chini kutoka kwenye kona, kiatu chake kikampata Mfadhili kwenye bega, wakabingirika wote hadi kwenye mlango wa kupokelea mizigo. Bastola ya tajiri iliteleza chini ya toroli la vitabu.

Glock ilikuwa kwenye paji la uso wake.

"Nyumba! Fedha! Sema!" Mfadhili alihema.

"Nataka unijibu. Alikuuliza vitabu vipangwe vipi?"

"Nani?"

Sindano aliitoa miwani, akamwonyesha.

Mfadhili aliikodolea macho miwani. "Nilimpa Biblia ya marehemu mama yangu. Nikamwambia afuate hiyo, ukurasa kwa ukurasa, kwa Kiebrania."

"Akasemaje?"

"Hakusema kitu. Alitabasamu. Nilidhani ameanza kuipenda kazi."

Kidole kwenye kifyatulio kilisogea. Kwa muda, dunia nzima ya Sindano ilikuwa unene wa kidole kile. Aliliona lile tabasamu. Aliliona vizuri kabisa, na miwani ikianza kudondoka. Mle ndani, pamoja na godoro na birika na picha ya mtoto aliyepigwa kwa kuviziwa, mume wake aliichukua Biblia ya kina mke wake, akaiona inakoishia, na ubishi wa nyumbani kwake ukamjia ukamketia kando.

"Mlimuua ya nini? Si aliwamalizia kazi?"

"Ndiyo maana," Mfadhili alisema. "Alimaliza."

Alimgeuza, akamfunga pingu. Hakuzibana kupita kiasi. Mume wake hakupenda kitu kibanwe hadi kikaacha alama.

Vishindo vya buti vilishuka ngazi. Mkuu wa Idara alitangulia, anahema.

"Sindano. Lile neno nililosema garini. Kwamba alikuwa mtu wao."

"Lipo kwenye ripoti?"

"Lipo."

"Liondoe. Na kitabu msikichome. Mpeni Mwalimu, ule ukurasa wa laana mkishautoa. Yaliyobaki ni maneno ya Mungu wao na wetu, na mwandiko ni wa mume wangu."

Alifungua mlango wa mizigo. Jua la saa sita lilimpiga usoni. Alivua ovaroli akitembea, akaitupa kwenye pipa, akavuka barabara kati ya waandishi wa habari waliokuwa wakikimbilia upande mwingine. Hakuna aliyemtazama mara mbili.

"Kazi safi, dada," Jicho alisema sikioni.

Alikitoa kile kidude, akakizima.

*

Bibi alikuwa kizingitini, anachambua mchele. Aliiona miwani mkononi mwa mkwewe kabla hajaona uso wake. Aliusukuma ungo pembeni polepole, asimwage hata punje. Kisha akaushika ukosi wa gauni lake kwa mikono miwili na kuuchana, kama watu wake wanavyofanya wanapofiwa.

"Alikuwa mtu mzuri hadi mwisho, mama," Sindano alisema. "Mji mzima umesikia."

"Mji!" Bibi alisema. "Mimi nilijua tangu ananyonya."

Wakakaa pale chini, bega kwa bega, muda ambao hakuna aliyeupima.

Chiriku alikuwa sebuleni, vibao vimejipanga, nafasi moja wazi mwishoni. Sindano aliketi mkekani. Alimpakata, akamwambia. Alitumia maneno mafupi. Baba amefariki. Hatarudi. Hakutuacha, walimchukua, na alikuwa anatulinda sisi.

Mtoto ambaye hakuwahi kufunga mdomo aliufunga.

Umeme ulirudi. Friji ikaguna jikoni, ikanyamaza.

Baadaye sana, Sindano alikitoa kibao cha Nyakati na kukiweka sakafuni, mbali na msururu.

"Nikuonyeshe kitu alichofanya Baba? Alikuwa kwa watu wabaya. Walimwambia aandike vitabu vyote, na yeye akavipanga hivi." Aliihamisha Zaburi, akamhamisha Danieli, akakichukua kibao chenye pembe iliyochakaa na kukiweka mwisho kabisa. Kidole chake kilibaki juu yake. "Ndivyo walivyokamatwa."

Chiriku alitazama msururu, kuanzia mwanzo. Aliinama akanusa mbao. Akaichukua miwani mapajani mwa mama yake, akaugusa uzi wa bluu, akaivaa, ikamteremkia puani. Kisha akanyoosha mkono hadi mwisho wa msururu na kukigusa kile kibao.

"Baba anajua hiki si cha mwisho."